Na siku ya Daraja mbona hamkuiandika?

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi, kila Ijumaa kijana wangu wa kazi hapa kwenye ushonaji ananunua gazeti na kabla hatujakaa kwenye mashine ananisomea ukurasa wa historia, manake macho yangu na maandishi madogo siku hizi hayapatani. Ijumaa iliopita alisoma makala yenu ya jinsi Waislamu wa mwanzo walivoipiga dola ya Uajemi, alisoma kwa raha kabisa kama mtangazaji wa mpira, na alipomaliza akaliweka gazeti juu ya meza ya kukatia akasema, "Kumbe fundi wale Waajemi walikua waoga tu, wamepigwa siku moja basi." Nikamuuliza umeyatoa wapi hayo, akanionesha kwa kidole, na kweli mmeandika hivohivo, kwamba dola ile ilianguka siku ya Qadisiya, vita ile ya Iraq, kwa sababu watu wake walikua waoga na wapenda anasa.

Mhariri, mi nimeumia. Ushindi siukatai, nautaja kwa furaha kama Muislamu mwengine yeyote, na ustadhi wetu alietufundisha hapa Tanga tukiwa wadogo alikua akizisimulia vita hizo baada ya Isha mpaka tunasahau kurudi nyumbani. Lakini yeye alikua anaanza mbali, na hakuwahi kuruka siku ya Daraja, siku ambayo Waislamu walipigwa na Waajemi kwenye mto Furati kabla ya Qadisiya. Nyinyi mmeanza na Qadisiya mkamaliza na Qadisiya, na mtoto anaesoma hivo anabaki kuamini kwamba dola ya miaka mia nne ilikatika kama uzi mbovu kwa siku nne za vita. Dola ile ilikua imeliwa kutoka ndani, na wale walioishinda walikua wameshapigwa vibaya kabla ya kushinda. Hayo mawili ndo nataka muyaandike.

Anzeni mwaka 602. Mwaka huo Kisra, ndo walivomwita mfalme wa Uajemi, Khosrow wa pili, huyu anaeitwa Parviz, alianza vita na Warumi ambayo haikuisha mpaka 628. Miaka 26, aliezaliwa vita inaanza alishaoa na kuzaa kabla haijaisha. Mwanzoni Waajemi walikua wanashinda tu, 614 wakachukua Yerusalemu, baadae wakachukua Misri, 626 jeshi lao lilikua ng'ambo tu ya Konstantinopoli, mji mkuu wa Warumi, wanauona kwa macho. Sisi tuliokaa chuoni habari hii tunaijua hata kama hatukuambiwa tarehe, si ndo ile Alif Lam Mim, ghulibatir-Rum, kwamba Warumi wameshindwa na wao baada ya kushindwa kwao watashinda ndani ya miaka michache? Na ikawa. Kaisari Heraclius akawazunguka kwa upande wa kaskazini, Disemba 627 akawapiga karibu na Ninawi, na muda si mrefu akaiteketeza kasri ya Kisra pale Dastagird.

Hapo ndo watu wa ikulu wakaanza kumalizana wenyewe kwa wenyewe. Februari 628 Kisra aliuawa kwa amri ya mwanae Kavad, ambae Waarabu wanamwita Shiruya, na huyo mtoto akawaua ndugu zake wa kiume karibu wote wasije wakamgombania kiti. Hakumaliza hata mwaka, akafa, na tauni wakati huo ilikua inazoa watu Iraq nzima. Akawekwa mtoto wa miaka saba, Ardashir. Akaja jemadari Shahrbaraz, yuleyule alieichukua Yerusalemu, mtoto akauawa akakaa yeye, siku kama arobaini hivi na yeye akauawa. Akaja Boran binti Kisra, na dada yake Azarmidokht, na wengine katikati ambao majina yao yanapita kama upepo. Kati ya 628 na 632 kiti kile kilikaliwa na watu wasiopungua wanane. Mwisho wakamtafuta mjukuu wa Kisra aliekua amefichwa Istakhr, Yazdegerd, bado kijana mdogo, wakamvika taji mwaka 632, mwaka uleule Mtume (s.a.w.) alipofariki na Abubakar (r.a.) akashika ukhalifa.

Na huyo Rustam, jemadari wa Waajemi, ambae nyinyi mmemleta kwenye Qadisiya kama mtu asie na kwao, ametoka humohumo kwenye damu. Inasimuliwa kwamba baba yake, jemadari mkubwa wa Khurasan, alitaka kumuoa malkia Azarmidokht, malkia akapanga auawe, basi Rustam akaja na jeshi mpaka Madain, mji wao mkuu, kulipa kisasi cha mzee wake, akampofua malkia na kumuua. Sasa mtu kama huyo akikusanya jeshi unadhani kila mkubwa aliopo kwenye hilo jeshi anamtakia mema? Nusu yao walikua na marehemu wao wanaemkumbuka.

Kuna na jambo la Hira, hili mmelipa sentensi moja na mi naona lilistahili ukurasa. Kwa miaka mingi Waajemi walikua na wafalme wa Kiarabu pale Hira ukingoni mwa jangwa, hawa ndo waliokua wakiwazuia Waarabu wa bara wasivuke kwenda kwenye mashamba ya Iraq. Mnamo 602 Khosrow akamkasirikia mfalme wao Nu'man, akamfunga na akafia mikononi mwake, ufalme wa Hira ukamalizwa akawekwa mtu wa Kisra. Miaka michache baadae kabila za Bakr bin Wail zikawapiga Waajemi pale Dhi Qar. Sio vita kubwa sana, ila tangu siku hiyo kila Mwarabu wa mpakani alijua kwamba askari wa Kisra anapigika. Muthanna bin Haritha, ambae nitamtaja sana hapa chini, ametoka kwenye watu haohao wa Bakr, wa ukoo wa Shayban. Alikua akishambulia mipaka ya Iraq kabla Khalid bin Walid hajafika 633, na ndo aliachiwa mzigo wote Khalid alipoamrishwa kwenda Sham (Syria) 634.

Na maji pia. Mwanahistoria Baladhuri anasimulia kwamba mwishoni mwa zama za Khosrow mito ya Furati na Dijla ilifurika mafuriko ambayo hayajawahi kuonekana, kingo zikabomoka, Khosrow akamwaga hela mbele ya mafundi na akawasulubu wengine kwa makumi na bado maji hayakurudi, mashamba yakageuka mabwawa. Shamba likifa kodi haipo, na kodi isipokuwepo askari atalipwa nini?

Haya, nije kwenye Daraja, hapo ndo roho yangu ilipo.

Mwaka 13 wa Hijra, yani 634, Sayyidna Umar (r.a.) kashika ukhalifa juzi tu, anawaita watu wa Madina waende Iraq na watu wanasitasita, manake Waajemi waliogopwa kweli, siku tatu hakuna anaejitokeza. Wa kwanza kusimama akawa Abu Ubayd wa kabila la Thaqif, kutoka Taif. Umar akampa uamiri kwa sababu hiyo, kwamba katangulia kuitika, japo walikuwepo waliomzidi kwa usahaba. Akaenda, akashinda mapambano mawili ya mwanzo, na nadhani hizo mbili zilimpa moyo kupita kiasi. Rustam akamtuma jemadari Bahman na jeshi kubwa na tembo, na bendera ya ngozi ya chui ambayo wafalme wao walikua hawaitoi hivihivi. Majeshi yakakutana kwenye Furati, huku hawa kule wale, katikati mto, na daraja la mashua zilizofungwa pamoja. Bahman akauliza, mnavuka nyinyi au tuvuke sisi?

Watu wazima kwenye jeshi walimwambia Abu Ubayd asivuke. Salit bin Qays alimkataza waziwazi. Waache waje wao, huku nyuma yetu kuna jangwa tunalijua, tukizidiwa tutarudi. Abu Ubayd akaona hiyo ni aibu, akasema wale hawatuzidi ujasiri mbele ya mauti, akavuka.

Huko ng'ambo nafasi ilikua finyu, wamebanwa kati ya jeshi na maji. Tembo wale walikua wamevalishwa njuga, kila wakitikisika zinalia, na farasi wa Kiarabu hawajawahi kuona wala kusikia kitu kama kile, wakagoma kusogea, wengine wakageuka na wapandaji wao. Ikabidi watu washuke wapigane kwa miguu, Abu Ubayd akawaambia kateni mikanda ya vile vibanda vya mgongoni muwaangushe walio juu, na walifanya hivo kweli. Yeye mwenyewe akamwendea tembo mweupe akampiga upanga wa mkonga. Tembo akamwangusha akamkanyaga. Jeshi zima linaona amiri wao yuko chini ya mguu wa tembo. Bendera ikachukuliwa na mtu wa Thaqif akauawa, akachukua mwengine akauawa, watu saba wa kabila hilo mmoja baada ya mwengine mpaka ikafika kwa Muthanna.

Na hapo ndo mtu mmoja wa Thaqif, kwa uchungu au kwa ushujaa Mungu ndo anajua, alikimbilia darajani akazikata kamba akapiga kelele kwamba watu wafe kama walivokufa maamiri wao au washinde. Mhariri, fikirieni hapo. Watu wamegeuka kukimbilia daraja na daraja halipo. Wakaanza kujitupa mtoni na ngao na deraya zao. Muthanna akasimama na wachache mbele ya adui akiwaambia watu msijizamishe, vukeni taratibu, sisi tuko hapa, mashua zikafungwa upya huku yeye anapokea mapigo. Mkuki ukampiga ukazisukumiza pete za deraya ndani ya mwili. Mwanahistoria Tabari anataja waliouawa na kuzama kama 4,000, waliotawanyika 2,000, waliobaki na Muthanna 3,000.

Nyinyi mkasema Waajemi waoga. Siku ile walishinda, wazi kabisa! Na wangevuka asubuhi yake sijui kama Muthanna angebaki na mtu. Kwanini hawakuvuka? Kwa sababu habari zilimfikia Bahman kwamba huko Madain watu wamegawanyika, kundi moja na Rustam, kundi jengine na mkubwa mwenzake Firuzan, ikabidi arudi. Ugomvi uleule wa ikulu niliousema ndo uliowanyang'anya ushindi wao mkononi.

Waliokimbia siku hiyo walifika Madina wanaona aibu hata kutoka nje. Mmoja wao alikua msomaji wa Qur'ani, Muadh, na kila akifika ile aya ya Suratul Anfal inayomuahidi ghadhabu anaegeuza mgongo siku ya vita isipokua anaejiunga na kundi lake, alikua analia. Umar akamwambia usilie Muadh, mi ndo kundi lako, umerudi kwangu. Ustadhi wetu akifika hapo alikua ananyamaza kidogo na sisi watoto tunanyamaza nae. Haya ndo maneno mmewanyima wasomaji wenu, khalifa anaepokea walioshindwa kwa namna ile, hakuwatukana, hakuwafungia mlango.

Na Daraja halikuishia pale, ndo lilishinda Qadisiya ukiangalia vizuri. Muthanna mwaka huohuo aliwapiga Waajemi pale Buwayb, safari hii akawaacha wavuke wao waje, na yeye akawahi kuwakatia daraja kwa nyuma. Ila Tabari anasimulia kwamba baadae alijuta, akawaambia watu wake nimekosea msiniige, manake mtu usimzibie njia yote ukamfanya hana pa kwenda. Alikua anakumbuka alichokiona kule. Jeraha la Daraja halikupona, likamuua kabla ya Qadisiya. Mjane wake Salma akaolewa na Saad bin Abi Waqqas, amiri wa Waislamu pale Qadisiya, na siku ya vita Saad akiwa mgonjwa, majipu hayamruhusu kupanda farasi, amelala juu ya jengo pale Qudays anatoa amri kwa vikaratasi, Salma akawatazama wapanda farasi wakisukumwa na tembo akalia, ewe Muthanna, leo farasi hawana Muthanna. Saad alikasirika sana. Lakini mwanamke alikua anasema kweli.

Sasa angalieni walichofanya na tembo safari hii. Siku ya pili ilipoingia wakaja watu wa kutoka Sham, wa mbele yao Qaqaa bin Amr, wakawachukua ngamia wakawafunika nguo na kuwavisha vitu usoni, wakawaingiza kwenye farasi wa Kiajemi, na farasi wa Kiajemi wakakimbia kama walivokimbia wa Waarabu pale Darajani. Mi kama fundi cherehani napenda sana habari hii, nguo tu hizo, hakuna upanga hapo. Siku ya tatu wakawaendea tembo wenyewe kwa mikuki ya macho na mikonga. Walikua wameshajua wapi pa kupiga. Usiku wa mwisho wakapigana gizani mpaka asubuhi, upepo ukawageukia Waajemi na vumbi, Rustam akauawa. Hii ilikua 636 kwa hesabu ya wengi. Na wapo askari wa Kidaylam, Baladhuri anasema 4,000, walioingia upande wa Waislamu na wakakaa Kufa na kulipwa. Waoga hao? Walikua wamechoka kufia watu wanaouana ndani.

Kuhusu zulia la Kisra, hapo pia mmekosea kidogo. Mmesema lilichomwa. Halikuchomwa, lilikatwa. Madain ilipochukuliwa 637 walilikuta dhiraa 60 kwa 60, piga hesabu ni karibu mita 30 kila upande, limefumwa kama bustani ya majira ya machipuo, njia zake za dhahabu, vijito vya vito, wafalme walikua wanakaa juu yake kunywa wakati wa baridi maua yakiwa yamekauka nje. Likapelekwa Madina. Umar akataka ushauri, wengine wakamwambia libakie kwako ni rai yako, Ali (r.a.) akamwambia ukiliacha leo kesho hatokosekana mtu atakaelichukua bila haki. Likakatwa vipande likagawiwa watu. Kipande cha Ali kiliuzwa dirham 20,000 na inasemwa hakikua hata kizuri kuliko vyengine. Mi nimeshika mkasi miaka mingi na nakwambieni, kazi kama ile ukiiweka mkasi wa kwanza mkono unatetemeka. Nafikiria mafundi waliolifuma, macho yao yaliisha humo, na sidhani kuna alieandika jina la hata mmoja. Ila Ali alisema kweli. Na mambo haya mawili mi nayashika yote, uzuri wa zulia na haki ya kulikata.

Alafu haikuisha, vita ilienda mpaka Nahavand 642 ambako amiri wa Waislamu Nu'man bin Muqarrin aliuawa na Hudhayfa akamalizia, na bado Istakhr ikaasi ikachukuliwa tena kwa damu nyingi, hilo nalo liandikeni tu kama lilivo. Yazdegerd alihama mji hadi mji, kila gavana anamuona mzigo, 651 akauawa karibu na Merv, wanasema kwenye kinu cha kusagia nafaka. Watu wake mwenyewe ndo walimchoka.

Na hapo mwisho mmesema Waajemi wote wakasilimu mara moja. Hapana. Walilipa jizya, kodi ya wasiokua Waislamu, kama Ahlul Kitab, Abdurrahman bin Auf ndo alieshuhudia kwamba Mtume alipokea jizya ya Majusi, wenye dini ile ya zamani ya Uajemi, wa Hajar, na karne mbili tatu zikapita kabla Waislamu hawajawa wengi kule. Hela za miaka ile zipo mpaka leo kwenye makumbusho, dirham zilizopigwa na magavana wa Kiislamu zina sura ya Kisra na taji lake, nyuma zina madhabahu ya moto, na pembeni kwa maandishi madogo ya Kiarabu, bismillah. Ziliendelea hivo mpaka zama za Abdulmalik bin Marwan karibu na mwisho wa karne ile. Mtu anaeshika hela hiyo mkononi anaona kabisa kwamba nchi haikubadilika kwa siku moja. Hata daftari la Umar la kulipia watu waliliita diwani, neno la Kiajemi, sisi leo tunalipigia kura kwenye kata. Na huyo Tabari kazaliwa Amul, hukohuko Uajemi, na Imam Abu Hanifa mwenyewe wengi wanasema babu yake alikua Mwajemi. Tumepokea hadithi ya vita hizi kutoka kwa wajukuu wa walioshindwa, na nyinyi mnawaita babu zao waoga.

Mwisho wa makala mliahidi wiki ijayo mtaandika Nahavand. Naomba kabla ya hapo mtoe Ijumaa moja kwa ajili ya Daraja, hata nusu ukurasa. Na mchoraji wenu akichora, achore mashua zilizofungwa kwa kamba, na Muthanna amesimama upande ule wa maji, sio upande huu. Kijana wangu nimeshamwambia asubiri, na gazeti la Ijumaa iliopita nimelihifadhi chini ya mashine.

Wassalaam,

Fundi cherehani,
Ngamiani, Tanga